Mseto Usio na Jina: Macho ya Njia ya Misafara na Majina ya Dawa

Oktoba 1873, Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, amelala katika tembe lile lile walimokaa Stanley na Livingstone mwaka uliotangulia. Ana homa, na macho yake yamevimba kiasi kwamba karibu haoni. Daktari wa msafara wake, Dillon, naye yu hoi vile vile. Anaingia Chuma na barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright. Cameron anaisoma kwa taabu, akiyakodolea maneno macho yasiyotaka kufanya kazi, mpaka anaelewa kinachosemwa: Livingstone amefariki, na watu wake wako njiani wanauleta mwili.

Habari kubwa kuliko zote zilizowahi kupita njia ile katika karne ya 19 ilisomwa kwanza na mtu nusu kipofu. Huwa nashangaa kwamba wanaoandika kuhusu safari za Livingstone hupita hapo haraka haraka, wakikimbilia mwili, pwani, meli na mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 1874. Mimi macho yale yananishika. Maana Cameron hakuwa peke yake. Ukizisoma habari za njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa jicho la mtu anayetafuta macho, utakuta njia nzima imejaa wagonjwa wa macho.

Mwanzie Speke. Yeye na Burton walifika Tabora, ambayo Burton aliiandika Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Wakapokewa vizuri na Waarabu wa hapo, wakapumzika, wakaendelea magharibi. Walipofika juu ya kilima na kuliona Ziwa Tanganyika, 13 Februari 1858, Burton alikuwa amepooza miguu na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho mkali. Ziwa lile ambalo Wazungu walikuwa wakiligombania kwenye ramani, Speke aliliona kama ukungu na mng'aro tu. Miezi michache baadaye, akiwa amepata nafuu, aliondoka Tabora kwenda kaskazini bila Burton, na 3 Agosti akasimama mbele ya ziwa jingine. Hilo akalipa jina la malkia wake. Waliokuwa wakivua samaki humo walikuwa na majina yao: Nyanza, Nalubaale, Nam Lolwe. Ramani ikachukua la yule mgeni mwenye macho mabovu.

Halafu kuna Emin Pasha, ambaye kwangu ndiye kinara wa hadithi hii. Alizaliwa Oppeln mwaka 1840 kwa jina la Schnitzer, akasomea udaktari Ujerumani, akaingia utumishi wa Waturuki na baadaye Wamisri, akawa Mehmed Emin. Stanley alipomtoa bara na kumfikisha Bagamoyo, Desemba 1889, Wajerumani walimwandalia karamu. Emin, daktari ambaye macho yake mwenyewe hayakuwa yanaona zaidi ya pua yake, akadhani dirisha ni mlango wa barazani. Akatoka. Akaanguka kutoka ghorofani, akavunjika vibaya. Akapona, na mwaka uliofuata huyo akarudi bara kwa njia ile ile, sasa akiwa mtumishi wa Ujerumani, akafika Tabora akafanya mkataba na Waarabu wa pale na kupandisha bendera. Mji ambao Mtemi Isike angeufia miaka mitatu baadaye ulitiwa mkononi mwa Wajerumani kwanza na mtu ambaye angehitaji kushikwa mkono kuvuka barabara.

Kwa nini macho? Sababu ni za kawaida kabisa: vumbi, jua kali, moshi wa moto wa kambi, inzi, na maji haba. Ugogo ndiko kulikuwa na ukame na ng'ombe wengi, yaani inzi wengi, na watoto wenye matongo. Trakoma, ambayo kwetu inaitwa vikope kwa sababu kope hugeuka ndani na kuikwaruza mboni, ilikuwa mkazi wa kudumu wa nyanda zile. Karne moja baadaye Kongwa, mkoani Dodoma, ikaja kuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa zaidi duniani kwa ugonjwa huo. Wapagazi Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo huku na huko walipita humo humo. Wao hawakuandika vitabu, kwa hiyo macho yao hayamo kwenye kumbukumbu. Ila hakuna sababu ya kuamini kwamba inzi wa Ugogo walikuwa wakichagua Waingereza.

Na dawa? Wenyeji walikuwa na majani na mizizi yao. Watu wa pwani na Waarabu walikuwa na wanja. Mrututu, ule mchanga wa buluu ambao wakemia wanauita salfeti ya shaba, ulitumika Ulaya kuwasugulia kope wagonjwa wa trakoma. Dawa ya nguvu, iliyounguza na kutoa machozi, na mtu akiona inauma basi anaamini inafanya kazi. Imani hiyo ipo mpaka leo, usinidanganye.

Lakini tazama kitu kimoja kuhusu vifaa hivyo. Mrututu ni mrututu. Wanja ni wanja. Muuzaji wa sokoni Tabora na mnunuzi kutoka Ujiji walilijua jina lile lile na kitu kile kile. Kitu kingeweza kudhuru, lakini jina halikuficha kitu.

Sasa turudi Kwihara. Livingstone alikuwa amekaa pale mwaka 1872 akisubiri watu na vifaa. Miaka mitano kabla yake, Januari 1867, mpagazi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa, na Livingstone akaona kama amehukumiwa kifo. Humo mlikuwa na kwinini. Yeye alikuwa na kidonge chake maarufu, mchanganyiko wa kwinini, kalomeli ambayo ni zebaki, na dawa mbili za kuharisha, jalapu na rubabu. Waingereza wakakiita "Livingstone Rousers", yaani vya kuamsha. Kilikuwa mseto wa dawa nne ndani ya kidonge kimoja, na jina lake halikutaja hata moja. Lilitaja mtu.

Baada ya kifo chake, kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikaanza kuuza vidonge kwa jina hilo. Hapo ndipo njia ya misafara inapoingia katika historia ya biashara ya majina. Mwaka 1884 kampuni hiyo ilisajili neno "Tabloid" kwa ajili ya dawa zake zilizobanwa zikawa ndogo na kavu, rahisi kubeba. Stanley alipokwenda kumtafuta Emin mwaka 1887, alikwenda na masanduku yao, na aliyasifu katika kitabu chake bila haya, kama mtu anayesoma tangazo. Safari ya Afrika ikawa tangazo la dawa. Neno lenyewe likapendwa kiasi kwamba watu wakaanza kulitumia kwa kila kitu kilichobanwa, yakiwemo magazeti. Kampuni ikakimbilia mahakamani kumzuia mshindani, na mwaka 1903 ikashinda kuhusu dawa. Lakini jaji alikiri kwamba nje ya dawa neno lilishajipatia maisha mengine. Sisi tunaofanya kazi ya uandishi wa habari tumerithi neno la sanduku la dawa. Ukiliona gazeti la udaku mtaani, kumbuka lilianzia kwenye kidonge.

Jina la biashara lina tabia hiyo. Likifanikiwa sana linameza kitu chenyewe. Hapa kwetu Panadol ni kila kidonge cha kichwa, Septrin ni kila kidonge kile cheupe kikubwa, Flagyl ni kila dawa ya tumbo la kuendesha. Kwa vidonge hivyo hasara si kubwa. Mtu akiomba Panadol akapewa parasetamoli ya kiwanda kingine, hajapoteza kitu zaidi ya jina, na pengine ameokoa pesa.

Ila kuna wakati jina limewapofusha watu, na sisemi kwa mafumbo. Mwaka 1906 Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kushughulikia malale. Alipita Mwanza, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako ugonjwa ulikuwa ukiwamaliza watu. Alikuwa na dawa yenye aseniki ndani yake. Jina lake la biashara lilikuwa Atoxyl, na maana iliyokusudiwa katika jina hilo ni "isiyo na sumu". Aliitoa, ikaonekana inasaidia, akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakaanza kupoteza nuru ya macho, na haikurudi. Waliotoka kwenye nyumba zao wakiwa na malale walirudi, kama walirudi, wakiwa vipofu, kwa dawa iliyoapa kwa jina lake kwamba haina sumu. Mgonjwa wa Sese hakujua Kigiriki, bila shaka. Lakini jina lile lilikuwa limewekwa kwa ajili ya madaktari, na madaktari wanajua.

Dawa iliyoifuata ina kituko kingine. Bayer waliitoa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuiita kwa namba tu, Bayer 205, fomula ikafichwa. Kisha ikapewa jina Germanin, na ndani ya Ujerumani iliyonyang'anywa makoloni walikuwepo waliofikiri fomula ile ingeweza kubadilishwa na ardhi ya Afrika. Mwaka 1924 Mfaransa Ernest Fourneau akaitengeneza mwenyewe na kuchapisha siri. Wafaransa wakaiita Moranyl, Waingereza Antrypol. Miaka ile ile, serikali ya Waingereza Tanganyika ilikuwa ikiwahamisha maelfu ya watu wa magharibi, Tabora na Kigoma, kutoka misituni na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo kitu kimoja kilikuwa na majina matatu yenye bendera tatu, kutegemea nani anakutawala. Leo kwenye orodha za dawa kinaitwa suramini, na jina hilo halina bendera.

Nani alilitoa jina hilo? Hapa ndipo penye kazi ambayo watu wa fasihi wangeipenda kama wangeijua. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba kila kiini cha dawa kipewe jina moja lisilo mali ya mtu, na mwaka 1953 orodha ya kwanza ikachapishwa. Tangu hapo yametolewa majina zaidi ya 10,000. Kamati hukaa na kuunda maneno, kama Baraza la Kiswahili linavyokaa, ila wao maneno yao yana kanuni: mkia wa neno, au kiungo chake kimojawapo, unakuambia ukoo. Kikiisha kwa "cillin" ni cha ukoo wa penisilini. Kikiwa na "floxacin" ni ndugu wa siprofloksasini. Ni kama ngeli za Kiswahili: ukisikia tu mwanzo wa neno unajua limekaa kundi gani, hata kama maana yake huijui.

Kanuni hizo zina utani wake. Viuavijasumu vingi vilitokana na bakteria wa udongoni. Kama dawa imetoka kwa bakteria wa jenasi ya Streptomyces, mkia wake huandikwa kwa y: streptomycin, neomycin, tobramycin. Jentamisini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, imetoka kwa Micromonospora, kwa hiyo mkia wake ukaandikwa kwa i: gentamicin. Herufi moja inabeba asili ya kiumbe. Mwaka 1993 mkutano wa afya duniani ukahimiza nchi zisiruhusu kampuni kuziiba mikia hiyo na kuzipachika kwenye majina ya biashara, maana ukoo ukianza kughushiwa hakuna atakayejua nani ndugu wa nani.

Mfumo mzuri. Una tundu moja, na ndilo limenifanya niandike makala haya. Majina hayo ya kimataifa hupewa kiini kimoja kimoja. Mchanganyiko haupewi.

Chukua matone ya macho yenye deksamethasoni na neomisini. Au deksamethasoni na tobramisini. Au betamethasoni na neomisini. Yanauzwa duniani kote, na hapa kwetu pia, kwenye vichupa vya mililita tano vinavyofanana kama mapacha. Viungo vyote vina majina safi ya kimataifa. Lakini chupa nzima, hiyo unayoishika mkononi na kuitaja kwa muuzaji, haina jina la pamoja. Pengo hilo linajazwa na kampuni. Wakati mwingine tofauti kati ya chupa yenye steroidi peke yake na yenye steroidi pamoja na kiuavijasumu ni herufi moja mwishoni mwa jina: Betnesol, na Betnesol-N. Ile N ni neomisini. Nani mtaani anajua N ni nini?

Kwa nini inahusu? Kwa sababu vitu viwili hivyo vinafanya kazi zinazoelekea pande mbili. Kiuavijasumu kinaua bakteria. Steroidi inatuliza kinga ya mwili. Inaondoa wekundu, uvimbe, maumivu. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ndoa hiyo ni nzuri sana: jicho limejeruhiwa kwa makusudi, linahitaji kutulizwa na kulindwa kwa pamoja, na daktari yupo anafuatilia. Ndipo dawa hizi zilipo na heshima yake, na sitaki mtu aliyeandikiwa na daktari wa macho aache kuzitia kwa sababu ya makala ya mwandishi wa habari.

Ila jicho jekundu lina sababu nyingi. Kama limetokana na virusi vya herpes kwenye mboni, au na fangasi, tuseme mkulima amepigwa na jani la tumbaku au bua la mahindi shambani Urambo, basi kiuavijasumu hakina la kufanya na steroidi inamfungulia mlango adui. Na hapa ndipo penye hila yenyewe: mgonjwa anapata nafuu. Siku mbili, wekundu umepungua, maumivu yameshuka. Anamsifia muuzaji. Anamwazima jirani chupa. Ndani ya mboni kidonda kinaendelea kuchimba bila kelele, kwa sababu aliyekuwa akipiga kelele, yaani uvimbe, amenyamazishwa. Wapo pia wanaoipenda dawa hiyo kwa mzio, macho yanayowasha kila msimu wa vumbi, wanaitia miezi na miezi. Steroidi ikikaa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi. Inakula nuru kuanzia pembeni, na mtu anashtuka akiwa amebakiwa na tundu dogo la kuonea katikati.

Atoxyl ilisema uongo kwa jina lake. Chupa hizi hazisemi uongo. Zinanyamaza tu juu, kwa herufi kubwa za rangi, halafu zinasema ukweli chini kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye macho mazima tu ndiye anaweza kuzisoma. Mwenye jicho bovu, ambaye ndiye mteja, yuko katika hali ya Cameron na barua ya Wainwright.

Nimekaa kwenye foleni za maduka ya dawa kiasi cha kutosha kujua watu wanavyoomba: "Nipe ile ya macho." Ile ipi? "Ile ya kichupa, yenye kifuniko cheupe." Januari 2024, macho mekundu yalipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, mtaani ikawa "red eyes" tu, na Wizara ya Afya ikatoka kuwaonya watu wasitie macho vitu wasivyoandikiwa. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi, ambao mara nyingi huisha wenyewe. Hapo ndipo matone ya steroidi yanapojipatia sifa isiyo yake.

Serikali ina zana zake. Mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu huandika dawa kwa jina la kiini, na kila dawa inawekewa herufi inayoonyesha ngazi ya chini kabisa inayoruhusiwa kuitoa, kuanzia A ya zahanati. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi, yana orodha yake na wauzaji waliopewa mafunzo. Yote haya yanafanya kazi kwenye karatasi na mara nyingi hata dukani. Hayaingii kinywani mwa mteja. Mteja anahitaji neno.

Na neno tunalo, tena tulilitumia vizuri. Mwishoni mwa 2006, Tanzania ilipoacha SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria na kuingia kwenye artemeta na lumefantrini, kulikuwa na jina la kampuni tayari, Coartem, na kifupi cha kitaalamu, ALu. Lakini lililoingia nyumbani ni "dawa mseto". Bibi wa Sikonge ambaye hajawahi kusikia lumefantrini anajua kwamba ile dawa ni mbili ndani ya moja, kwa sababu mseto jikoni kwake ni wali uliopikwa na choroko. Jina lilieleza muundo. Halikuwa mali ya kampuni yoyote, na halikutoka Geneva. Mtu akisikia "mseto" anaweza hata kuuliza swali la maana: mseto wa nini na nini?

Swali hilo ndilo linalokosekana kwenye matone ya macho. Tungekuwa tunasema "matone mseto" kwa yenye steroidi na kiuavijasumu, na "matone" tu kwa yenye dawa moja, muuzaji angelazimika kujibu na mteja angekuwa na cha kushika. Rafiki yangu mmoja mfamasia anaona nina ndoto za mchana. Anasema hatari haiko kwenye kuchanganya, iko kwenye steroidi, na chupa yenye steroidi peke yake ni hatari kuliko mseto. Jina langu lingewafanya watu waiogope isiyo na kosa na waiamini yenye kosa. Ana hoja. Basi labda neno linalotakiwa ni la steroidi yenyewe, ambayo mpaka leo kwa Kiswahili ni neno lililovaa irabu mwishoni na kuachwa barabarani. Nimewahi kusikia wauguzi wakisema "dawa ya kutuliza", ambayo ni kweli na ndiyo inayodanganya, kwa sababu nani hataki kutulizwa?

Kuna jambo jingine linalonikera kama mtu wa lugha. Majina ya kimataifa hutolewa kwa Kilatini, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakimo, kwa hiyo tunayaandika tunavyosikia. Na tukiyaandika tunavyosikia, ile y ya Streptomyces na ile i ya Micromonospora zinaishia kuwa kitu kimoja: neomisini, tobramisini, jentamisini. Ukoo unapotea kwenye tahajia. Mimi mwenyewe nimeyaandika hivyo hapa juu kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyotaka. Kwenye makala haina neno. Kwenye chupa ningependa wayaache kama yalivyo, hata kama yanasomeka kama vioo vilivyovunjika, ili muuzaji wa Tabora na wa Kigoma wawe wanatazama herufi zile zile.

Burton alipobaki Tabora mwaka 1858, Speke akiwa ameenda ziwani, aliutumia muda kukusanya maneno ya lugha za njiani na kuyapanga kwenye orodha. Mji wenyewe aliokaa akauita Kazeh, na waliokuja baadaye wakapata shida kulikuta jina hilo likitumika. Orodha ya maneno ilikuwa ndefu. Mwenyeji wake, Snay bin Amir, ndiye aliyemsaidia nayo, jioni kwa jioni, barazani.